Kitufe Chekundu cha Mama Mutua

Ujumbe wa Mutua ulinikuta jikoni kwangu Syokimau, nimesimama nikingoja maziwa yachemke. Mama yake anafikisha miaka themanini, watoto wamekubaliana kumfanyia shukrani nyumbani Muthetheni Jumamosi, na mimi nisikose. Chini kabisa alikuwa ameandika: rangi ya siku ni nyekundu. Nilicheka peke yangu hadi maziwa yakamwagika kwenye jiko. Siku hizi huwezi kualikwa hata kwenye ubatizo wa mtoto bila kuambiwa uvae nini, na mimi si mtu wa kupangiwa nguo. Nimewahi kukosana na bibi harusi kwa sababu ya kitu alichokiita rangi ya pichi. Lakini hii sikuibishia, kwa maana nilijua ilikotoka. Nadhani wageni wengi waliona ni mapambo tu, basi, wakaenda kutafuta mashati. Mimi nilifungua kabati, nikazipita nguo zangu mbili nyekundu, nikatoa gauni la kijani. Dada yangu alinitazama nikilipiga pasi, akauliza kama sijasoma ujumbe vizuri. Nikamwambia nimesoma vizuri sana.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na cheti kipya kutoka chuo kimoja cha kompyuta mjini Machakos, kile kilichokuwa ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, na kiburi cha kutosha watu watatu. Chama cha wafugaji cha Muthetheni kilikuwa kimenunua kompyuta, moja tu, ile ya skrini yenye mgongo mkubwa, na meneja akataka programu ya kupokelea maziwa. Bwana Maina, ndiye meneja, alikuwa mtu wa Murang'a, mpole, msafi wa viatu hata wakati wa matope, lakini alipenda mambo yaende mbio. Akaniajiri mwaka mmoja niandike programu, niwafundishe watu kuitumia, kisha niende zangu. Nikapanga chumba nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kila kitu changu mwaka huo kilikuwa na unga: kitanda, vitabu, hata sweta langu jeusi la kwenda kanisani. Kinu kikiwashwa asubuhi, kikombe kilicheza juu ya meza hadi ukingoni, nami nilijifunza kukidaka bila kufungua macho vizuri. Nikikumbuka chumba kile leo, na nyumba hii yangu ya vigae, sijui kwa nini nilikuwa nalala fofofo pale na hapa nageukageuka.

Mama Mutua alikuwa karani wa dirisha la mapokezi. Kabla ya kompyuta aliandika kwa kalamu, na sauti yake ilifika hadi barabarani. Aliwajua watu wote kwa ng'ombe wao. Alikuwa akiuliza habari ya ng'ombe kwanza, mke baadaye, na mkulima akianza kusimama sana kupiga domo huku foleni ikirefuka nyuma yake anamwambia, "Haya, pita. Unazuia laini." Aliwaambia hivyo wote, wazee wa kanisa, mwalimu mkuu, hata Bwana Maina siku aliyojisahau hapo mbele. Jioni yangu ya kwanza alinifuma nikikaanga yai kwenye stovu, akalitazama lile yai, akanitazama mimi. "Ngai! Msichana mzima wa Machakos, anakula hii?" Akanizimia stovu. Kuanzia siku hiyo nikawa nakula kwake. Alikuwa mjane, watoto wake wote walikuwa mbali, na jikoni mwake kulikuwa na benchi ndefu ambayo sikuwahi kuiona tupu. Tulikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, siku nyingine ngima, ugali wetu, na mboga za kunde, na chai ya maziwa nzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Kioko, kijana aliyekuwa akipima maziwa pale kituoni, alikuja karibu kila siku kwa kisingizio cha kurudisha sufuria. Sufuria ilikuwa hiyo hiyo moja.

Sasa mjue maziwa yalivyopokelewa. Wakulima walikuja alfajiri, Kioko akayapima nje, akaupitisha kila mkebe dirishani, na Mama Mutua akaingiza nambari ya mkulima na lita zake. Mwisho wa yote skrini ilimwonyesha vitufe viwili: POKEA na KATAA. Akibonyeza kimoja, mashine ilitoa karatasi ndogo ya mkulima. Nambari alizishika haraka kuliko nilivyotarajia. Shida ilikuwa vile vitufe viwili. Vilikuwa sawa kwa ukubwa, vimekaa bega kwa bega, vyote rangi ya kijivu, na maandishi madogo ya kukazia macho. Nilikuwa nikimfundisha alasiri, kituo kikiwa kimya, naye hakosei hata mara moja. Asubuhi, watu wakiwa wanapiga kelele na mikebe inagongana, alibonyeza chochote. "Zote ni jivu," aliniambia. "Wewe umenipa majivu mawili unaniambia nichague." Nami, kwa kuwa nililala hadi kinu kiwashwe na jua limeshatoka, sikuwahi kumwona akifanya kazi kwenye laini yenyewe. Nilifika kituoni mikebe ya mwisho ikiondoka. Niliiona imefungwa vitambaa vyekundu kwenye mikono, nikadhani ni kwa sababu ya waya kuuma viganja. Mingine ilikuwa na majani yakichungulia chini ya kifuniko, nikadhani ni ya kuzuia maziwa yasimwagike njiani. Wala sikuuliza, maana mtu mwenye cheti anauliza nini kuhusu mikebe?

Ofisi yangu na ya meneja zilitenganishwa na ubao mwembamba, mtu akipiga chafya upande ule unamwambia pole. Ndivyo nilivyosikia Bwana Maina akimwambia Kioko kwamba makosa yamezidi. Wakulima wanalipwa maziwa yaliyokataliwa, wengine hawahesabiwi yao mazuri. "Mwisho wa mwezi," alisema. "Ikiendelea hivi, nitaleta kijana wa kompyuta kutoka Kyumbi akae dirishani. Mama aende nyuma, aoshe mikebe." Kisha nikasikia Kioko, "Nyuma? Mama Mutua?" kama mtu aliyeambiwa mlima wa Iveti utahamishwa. Bwana Maina akasema hata yeye hapendi, lakini afanyeje. Nilikaa pale na kalamu mdomoni, nikijua kwamba programu iliyomponza ilikuwa yangu.

Jioni hiyo Mama Mutua alikuwa ameshajua. Alinipakulia kama kawaida, ila hakunitania, na hapo ndipo nikaogopa. "Kuosha mikebe si kazi mbaya," akasema mwishowe, akifuta mwiko ambao ulikuwa safi tayari. "Mikono niko nayo. Lakini kule nyuma hakuna mtu wa kusalimia. Tangu baba Mutua aende, unajua kitu kinaniamsha ni nini? Ni ile laini. Naamka nikijua watu wananingoja. Wakikosa kuniona hapo mwezi mmoja, basi, watanisahau na bado niko hai." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, yeye ambaye sauti yake ilifika barabarani. Sikuweza kumaliza chakula. Nikamwambia, "Mama, usijali. Nitavipaka rangi. Hutakosea tena." Nililisema kama mtu anayekwenda kupaka ukuta.

Wacha niwaambie kuhusu kupaka kitufe rangi. Siku hizi vijana wanaofanya kazi chini yangu wanageuza rangi za skrini huku wanakula chipsi. Wakati ule, kifurushi cha kutengenezea madirisha ya skrini nilichokuwa nacho kilikupa kitufe, lebo na kisanduku cha kuandikia vikiwa tayari, nawe unavipanga. Niliandika mstari mmoja nikakiambia kitufe cha POKEA kiwe kijani. Nikaendesha programu. Kijivu. Nikaandika tena, nikasoma herufi moja moja, nikaendesha. Kijivu, ila sasa kulikuwa na uzi wa kijani pembeni tu, kama mtu aliyepaka kucha akakosa kucha akapaka kidole. Nikajaribu lebo iliyokuwa juu yake. Nayo ikakataa katakata. Niliitukana mashine ile kwa Kikamba, nikaitukana kwa Kiswahili, hata Bwana Maina akakohoa upande wa pili wa ubao. Nilikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha Kiingereza nilichokipasua gundi kwa kukifungua sana, na kila mchana wiki hiyo nilikisoma nikiwa nimekilaza juu ya gunia la chakula cha ng'ombe. Lebo nilielewa kwanza. Kumbe lebo huzaliwa wazi kama kioo; rangi inaipokea vizuri, ila huioni mpaka uiambie izibe. Kitufe kilikuwa na shida nyingine. Kompyuta yenyewe ilikuwa na vazi lake, na kila mara nilipokipaka kitufe changu rangi, ilikuja nyuma yangu ikakivalisha kijivu juu. Nilitakiwa kuiambia programu iache kabisa vazi la kompyuta, itumie la kwake, sahili, halafu ndipo nipake. Nilipoendesha mara hiyo, POKEA kikang'aa kijani kama shamba baada ya mvua, na KATAA kikawa chekundu kwa maandishi meupe. Nilipiga kelele hadi Kioko akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Akavitazama vitufe vile. Akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Ni vizuri," akaenda zake. Laiti ningemshika shati nikamuuliza alitaka kusema nini.

Kesho yake niliamka na kinu kikiwa bado kimelala, nikaenda kusimama nje ya kituo kuona ushindi wangu. Mama Mutua alivaa kilemba kipya. Mikebe ikaanza kupita, naye akawa anabonyeza haraka, bila kusita, bila hata kuinamia skrini, nami nikawa nimekunja mikono kifuani kama fundi aliyemaliza paa. Halafu nikasikia sauti. Alikuwa Mzee Nzioka, mzee wa kanisa, ambaye ng'ombe wake waliogeshwa kuliko watoto wa majirani. Aliishika ile karatasi mbali na uso wake. "Yamekataliwa? Yangu? Mimi nipelekee ndama?" Nyuma yake mwingine akasoma yake, na mwingine. Kila mwenye maziwa mazuri alikataliwa. Na yule jamaa aliyejulikana soko zima kwa kuongeza maji alikuwa amepokelewa, anaondoka polepole, karatasi mfukoni, hataki hata kugeuka. Laini ikavunjika ikawa duara. Mama Mutua alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Bwana Maina akatoka na viatu vyake safi, akazikusanya karatasi zote, akaomba watu radhi, kisha akasema bila ukali wowote, "Jumatatu, Mama. Tutabadilisha Jumatatu." Ningetamani angefoka.

Sikutaka kwenda kula kwake jioni ile. Nilizunguka soko, nikanunua mandazi, nikashindwa kuyala, miguu ikanipeleka yenyewe. Nilipofika nyuma ya jiko nikasikia wanaongea, yeye na Kioko, nikasimama nje na mandazi yangu kwenye gazeti kama mwizi. "Huyu msichana ana ubaya gani na nyekundu?" Mama Mutua alikuwa akisema. "Mimi mkebe unanijia na kitambaa, nabonyeza kitambaa. Unanijia na jani, nabonyeza jani. Hicho kitambaa na hilo jani nimevifuata tangu Mutua ako shule ya chekechea. Sasa ameviweka juu chini." Kioko akasema, "Hata mimi ningebonyeza nyekundu, Mama. Nani duniani anapokea maziwa ya jani?" Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Nami kule nje kichwa kilikuwa kinazunguka. Nikasukuma mlango bila hodi. "Jani ni nini?" nikauliza. Walinitazama kama mtu aliyeuliza maji ni nini.

Wakanieleza, wakipokezana. Zamani kituo kilipofunguliwa, kupima kulifanyika mbele ya watu wote, na mkulima akiambiwa maziwa yake ni mabaya alikuwa akiaibika, wengine wakaacha kuleta kabisa. Basi aliyekuwa akipima akaanza kuchomeka jani chini ya kifuniko, kimya kimya. Ukiliona unajua, unayarudisha kwa ndama, hakuna aliyekutaja. Mazuri yakafungwa kitambaa kutoka pazia kuukuu la kanisa, ambalo kwa bahati lilikuwa jekundu. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kuna mtu asiyejua. Na mimi nilikuwa nimeleta kijani cha kwenda na nyekundu ya kusimama kutoka kitabu changu kikubwa, kwenye mji ambao watu wake wengi walikuwa hawajawahi kusimamishwa na taa yoyote barabarani. Niliketi kwenye benchi nikacheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki vizuri, na Mama Mutua akaninyang'anya mandazi yangu akaanza kuyala. "Sasa unaweza kugeuza?" akauliza. Alikuwa anajifanya hajali, lakini andazi lilikuwa limesimama hewani.

Kugeuza kwenyewe hakukuchukua hata muda wa kikombe kupoa. Rangi zilikuwa zimeshakubali kushika. Nilibadilisha nafasi za maneno mawili tu, hili likaenda pale na lile hapa. Kazi kubwa ilikuwa Bwana Maina. Tulimkuta ofisini Jumamosi, nikamwonyesha POKEA ikiwa nyekundu, akashika kichwa. "Hapana, Mueni. Dunia nzima nyekundu ni simama." Nikaanza kutafuta maneno ya chuoni. Mama Mutua, aliyekuwa nyuma yangu, hakutafuta. "Hiyo dunia nzima," akasema, "inaleta maziwa hapa?" Bwana Maina akasema tujaribu hiyo Jumatatu, asubuhi moja, yeye mwenyewe akiwa amesimama pale, na yule kijana wa Kyumbi akiwa ameketi tayari kwenye kiti.

Jumatatu kinu hakikuniamsha, mimi ndiye niliyekipita kikiwa kimya. Laini ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Nadhani nusu yao walikuja kutazama. Mama Mutua alikaa, akajifunga leso vizuri kiunoni, akafungua dirisha. Kitambaa, nyekundu. Kitambaa, nyekundu. Jani, kijani. Hakusoma kitu. Jicho lake lilikuwa kwa watu, mkono ukifanya kazi peke yake, na pole pole ile sauti ikaanza kurudi: ng'ombe yule mweusi amezaa? Mke je? Haya, pita, unazuia laini. Mzee Nzioka alipofika alisimama na karatasi yake, akaisoma, akaisoma tena, akaikunja akaiweka kwenye Biblia. Bwana Maina alizikagua karatasi zote mwishoni, moja moja, kisha akamgeukia yule kijana wa Kyumbi akamuuliza kama amewahi kunywa chai ya Muthetheni. Akamnywesha chai, akampa nauli, akamrudisha kwao. Mama Mutua hakusema ahsante wala hakunikumbatia. Jioni nilikuta sahani yangu imewekewa kuku, na Kioko akiwa amewekewa maharagwe, akilalamika.

Alikaa dirishani miaka mingi baada ya mimi kuondoka. Kompyuta zilibadilishwa, programu yangu ikatupwa, ikaja nyingine, na nasikia kila fundi aliyetumwa kule aliambiwa kabla hajaweka mfuko wake chini kwamba POKEA ni nyekundu. Mimi nami nimefanya kazi kwenye ofisi za Nairobi ambako watu hukaa mikutano mizima kubishania rangi ya kitufe, na bado kabla sijagusa chochote nauliza: hapa kwenu, kitu kikikubaliwa hupewa alama gani? Wananiona wa ajabu. Sawa tu. Yote niliyonayo katika kazi hii niliyapata kwenye benchi ile, na nikimkumbuka yule msichana mwenye cheti na sweta la unga, simchukii. Namwonea huruma na namcheka.

Jumamosi nilifika boma limejaa. Hema jekundu, viti vya riboni nyekundu, watoto wekundu kila mahali, na mimi natembea katikati na gauni langu la kijani huku kina mama wakinong'onezana. Mama Mutua alikuwa kwenye kiti kikubwa, mdogo kuliko nilivyomwacha, ameshika fimbo. Nikainama kumsalimu. Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani, halafu akaitoa ile sauti, ile ya barabarani, nzima nzima: "Kioko! Huyu nani amemtia jani?" Kioko alikuwa na kitambi na mvi, amebeba sinia la nyama, alilazimika kuliweka chini. Wazee walicheka kwanza. Vijana walitazamana, hawajui kitu. Nilikuwa nimetayarisha mzaha wa kumjibu, nimeufanyia mazoezi tangu Kyumbi, ila hakunipa nafasi ya kuutoa.

Akaniashiria nisogee. Kwenye mkono wa fimbo yake palikuwa na kitambaa, kimepauka hadi kukaribia waridi. Alikifungua taratibu, akaushika mkono wangu akanifunga pale kwenye kifundo kwa fundo lile lile la mikebe, akalivuta kuhakikisha limeshika. Nyuma yangu wageni walikuwa wamejipanga na zawadi zao, wakingoja.

"Haya, pita, Mueni," akasema. "Unazuia laini."